Tufaha la Kijani na Kazi ya Baridi

Katika masoko ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huonekana tufaha moja la kijani kibichi, gumu, lenye ngozi ing'aayo na ladha kali ya uchachu. Wauzaji hulipanga kando ya matufaha mekundu, na wanunuzi wengi walionapo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni tunda bichi lililochumwa kabla ya wakati wake. Sivyo. Tufaha hilo limekwisha komaa, na kijani ndiyo rangi yake ya ukomavu. Aina hiyo hujulikana ulimwenguni kwa jina la Granny Smith, maana yake Bibi Smith, nayo ni mojawapo ya matufaha yaitwayo ya majira ya baridi, kwa sababu huchelewa kuvunwa na huweza kuhifadhiwa kwa miezi mingi bila ya kuharibika.

Mwanafunzi mdadisi alapo tunda hilo na kubakiwa na mbegu mkononi, hujiuliza: je, mbegu hizi zikipandwa nyuma ya nyumba zitatoa mti wenye kuzaa matufaha kama haya? Swali hilo ni jepesi kuulizwa, lakini jibu lake lahitaji elimu ya urithi, elimu ya maisha ya mimea na kemia kidogo. Tena si swali la mchezo. Mkulima awezaye kulijibu vibaya hupoteza miaka minane ya kazi na kipande kizuri cha ardhi, na mwishowe huvuna kuni. Kwa ajili hiyo makala haya yanaligawa swali hilo katika sehemu nne: kama mbegu itaota; kama mti utakaotokea utakuwa wa aina ile ile; kama mti huo utachanua katika nchi ya joto; na kwa nini tunda lililochumwa nchi ya mbali miezi mingi iliyopita lingali gumu na lenye maji tele.

Kwanza yafaa kuondoa utata wa jina. Katika Unguja na sehemu nyingine za pwani, watu waitapo tufaa mara nyingi hukusudia tunda jingine kabisa, laini na lenye rangi ya waridi, lizaliwalo na mti wa nchi za joto. Mti huo ni wa jamii ya mkarafuu. Mtufaha unaozungumzwa hapa ni wa jamii ya mwaridi, pamoja na mpichi na mti wa peasi, na asili yake ni nchi zenye majira makali ya baridi. Miti hiyo miwili haina udugu wa karibu, ijapokuwa imegawana jina.

Je, mbegu itaota?

Tufaha likikatwa kwa upana wake, katikati huonekana nyota yenye vyumba vitano, na kwa kawaida kila chumba huwa na mbegu moja au mbili. Mbegu hizo zikitolewa na kupandwa siku hiyo hiyo katika udongo wa joto, nyingi hazitaota. Hazijafa, zimelala. Ndani yake imo homoni inayozuia kuota, na nguvu ya homoni hiyo hupungua baada ya mbegu kukaa katika ubaridi wenye unyevu kwa muda wa kama miezi miwili hadi mitatu.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa urahisi. Mbegu zigawanywe katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lipandwe mara moja katika kopo la udongo. Fungu la pili lichanganywe na mchanga wenye unyevunyevu, lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa katika jokofu, mahali penye nyuzi 4 za Sentigredi hivi, wala si katika sehemu ya barafu. Baada ya siku 80 fungu la pili lipandwe nalo, kisha wanafunzi wahesabu miche ya kila fungu. Iwapo baadhi ya mbegu za fungu la kwanza zitaota upesi, wanafunzi wakumbuke kwamba tunda la dukani huenda lilikaa ghalani katika baridi kwa miezi kadhaa, na hivyo mbegu zake zilianza kuamshwa kabla ya kufika mezani.

Basi jibu la swali la kwanza ni ndiyo, mbegu yaweza kuota, iwapo itapata baridi kwanza. Hapa baridi inaonekana kwa mara ya kwanza katika maisha ya mtufaha, nayo itaonekana tena.

Je, mti utakuwa wa aina ile ile?

Jibu la swali hili ni hapana, na sababu yake imo ndani ya ua. Mtufaha kwa kawaida haukubali chavua yake wenyewe. Chavua ikitua juu ya ua la mti uleule, au la mti mwingine wa aina ileile, jeni maalumu za ua huitambua, na mrija wa chavua husimamishwa njiani kabla ya kulifikia yai. Aina chache hulegeza sheria hiyo kidogo, lakini mkulima mwenye busara hupanda aina mbili au zaidi zinazochanua wakati mmoja, na huwategemea nyuki kuipeleka chavua kutoka mti hadi mti.

Matokeo yake ni kwamba kila mbegu ya tufaha ina mama anayejulikana na baba wa aina nyingine. Mtufaha wa kawaida una kromosomu 34, yaani jozi 17, na katika kila jozi mara nyingi jeni za upande mmoja hutofautiana na za upande wa pili. Wakati wa kutungwa kwa mbegu jeni hizo huchanganywa upya. Kwa hiyo mbegu kumi za tunda moja ni ndugu kumi wasiofanana, kama watoto wa nyumba moja: mmoja mrefu, mmoja mfupi, kila mmoja na sura yake. Wengi wa ndugu hao huzaa matunda madogo, makali au makavu. Ni mara chache sana kutokea mmoja aliye bora kuliko wazazi wake.

Granny Smith yenyewe ilitokana na bahati ya namna hiyo. Maria Ann Smith alizaliwa Uingereza, katika jimbo la Sussex, mwaka 1799. Mwaka 1838 yeye na mumewe Thomas walihamia Australia, wakafanya kazi ya bustani za matunda katika wilaya ya Ryde, karibu na Sydney. Kwa masimulizi yaliyochapishwa mwaka 1924, mabaki ya matufaha yaliyotoka kisiwa cha Tasmania yalitupwa kando ya kijito katika shamba lake, na hapo mche ukaota wenyewe. Mwaka 1868 mama huyo aliwaita mkulima mmoja wa jirani na mwanawe wautazame mti huo na tunda lake. Alifariki mwaka 1870, kabla ya kujua umaarufu ambao ungelifikia tunda hilo. Majirani waliendelea kuuzalisha mti huo. Mwaka 1891 tunda lake lilipata tuzo ya matufaha ya kupikia katika maonyesho ya kilimo ya Castle Hill, na mwaka 1895 Idara ya Kilimo ya New South Wales ikaanza kuupanda katika kituo chake cha majaribio cha Bathurst.

Lakini ikiwa mbegu haihifadhi aina, mti mmoja wa kando ya kijito uliwezaje kuenea Australia, Afrika Kusini, Chile, Ufaransa na Marekani? Jibu ni kubebesha. Mkulima hukata kikonyo, yaani kitawi kifupi chenye matumba, kutoka mti anaoupenda. Kisha hukiunganisha na mche mwingine wenye mizizi, akihakikisha kwamba tabaka la kijani lililo chini ya gamba la kikonyo limekutana na tabaka kama hilo la mche. Katika tabaka hilo, liitwalo kambiamu, seli hugawanyika kila wakati. Zikifungwa pamoja kwa utepe na kukingwa zisikauke, seli za pande mbili huungana na kujenga mishipa ya pamoja ya kupitisha maji na chakula. Kutoka hapo mizizi ni ya mche wa chini, lakini matawi, maua na matunda ni ya kikonyo.

Kwa hiyo kila mti wa Granny Smith duniani leo ni kitawi cha kitawi cha ule mti mmoja. Mwili wake haukuzaliwa upya hata mara moja. Umehamishwa tu kutoka shina hadi shina kwa zaidi ya miaka 150. Hilo ni jambo la kustaajabisha, lakini lina hatari yake. Mamilioni ya miti yenye urithi mmoja hushiriki pia udhaifu mmoja: ugonjwa uwezao kuushinda mti mmoja waweza kuishinda yote. Ndiyo sababu wataalamu wa mimea huithamini misitu ya mitufaha ya mwitu iliyo katika milima ya Tian Shan, nchini Kazakhstan na majirani zake, ambako ndiko chimbuko kuu la mtufaha wa bustani. Katika misitu hiyo kila mti ni tofauti na mwenziwe, na humo ndimo mtafutwamo kinga za magonjwa ya kesho.

Mche wa chini nao huchaguliwa kwa uangalifu, maana ndio uamuao ukubwa wa mti. Kituo cha utafiti cha East Malling, Uingereza, kilipanga na kutoa miche ya namna hiyo katika karne ya 20. Mche uitwao M.9 hufanya mti mfupi ambao mvunaji huweza kuufikia kwa urahisi, lakini huhitaji nguzo ya kuuegemeza. Mche uitwao MM.106 hufanya mti wa kimo cha kati, na mizizi yake huvumilia wadudu waitwao vidukari wa sufu, ambao hushambulia mitufaha katika nchi nyingi. Tena mti uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka miwili hadi minne, ambapo mti wa mbegu huweza kumngojesha mkulima kati ya miaka mitano na kumi.

Je, mti utachanua katika nchi ya joto?

Hapa ndipo penye fundo gumu zaidi. Mtufaha uliobebeshwa vizuri waweza kupandwa Dar es Salaam, ukamwagiliwa maji na kutiwa mbolea, ukaishi, na bado usitoe matunda ya maana. Kosa si la udongo wala la mkulima. Mti unangoja jambo ambalo halitakuja.

Katika nchi ya asili yake mtufaha huangusha majani kabla ya majira ya baridi, na matumba yake huingia katika usingizi. Usingizi huo si wa kukosa joto tu. Lau ungekuwa hivyo, siku chache za jua katikati ya majira ya baridi zingetosha kuyafungua matumba, na theluji ya wiki ifuatayo ingeyaua maua yote. Mti ambao ungefanya kosa hilo usingeacha uzao. Kwa hiyo mtufaha una njia ya kuipima baridi: ndani ya matumba zimo jeni zinazozuia kuchipua, na nguvu ya jeni hizo hupunguzwa kidogo kidogo na baridi ya siku nyingi. Mpaka kipimo kitimie, joto halina la kufanya. Kipimo kikitimia, joto lijalo huyafungua matumba yote kwa pamoja.

Wakulima hukikadiria kipimo hicho kwa kuhesabu saa ambazo hewa ya shambani imekuwa chini ya nyuzi 7 za Sentigredi hivi. Granny Smith haimo miongoni mwa aina zidaizo baridi nyingi mno. Mahitaji yake kwa kawaida hukadiriwa kuwa kati ya saa 400 na 600, hali zipo aina zitakazo saa 1,000 na zaidi. Hata hivyo saa 400 ni nyingi mno kwa pwani ya Afrika Mashariki, ambako hewa haishuki kufikia kiwango hicho hata usiku mmoja.

Je, mti ukipata baridi pungufu hutokea nini? Haufi. Matumba machache hufunguka leo, mengine mwezi ujao, mengine yasifunguke kabisa. Matawi hubaki marefu na matupu, yenye majani nchani tu. Maua yatokeayo hayakutani na maua ya mti wa aina nyingine, hivyo chavua haipatikani kwa wakati wake. Mtu asiyejua chanzo huongeza mbolea, na mbolea huzidisha majani bila ya kuleta tunda.

Katika nyanda za juu hali ni nyingine. Milima ya Usambara kule Lushoto hujulikana kwa mapichi, plamu, peasi na hata matufaha. Huko Njombe na Makete, kusini mwa Tanzania, usiku wa Juni hadi Agosti ni wa baridi kali, na katika uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, umande huganda. Pamoja na hayo mkulima wa nyanda hizo hana budi kupima baridi ya shamba lake kabla ya kuchagua aina. Bonde na mlima vilivyo jirani huweza kutofautiana, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na hutiririka kama maji hadi mabondeni.

Penye baridi haba zipo njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchagua aina ambazo mahitaji yake ni madogo. Aina ya Anna, iliyozalishwa Israeli, na aina ya Dorsett Golden, iliyopatikana katika visiwa vya Bahama, hutosheka na saa chache kuliko Granny Smith. Tena huchanua wakati unaokaribiana, hivyo huchavushana. Njia ya pili ni ya ustadi wa mikono. Huko Batu, mashariki ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, baada ya mavuno wakulima huyapukuchua majani yote ya mtufaha kwa mkono, kabla ya matumba hayajaingia katika usingizi mzito. Majani ndiyo yanayopeleka katika tumba amri ya kulala. Yakiondolewa mapema, tumba huchipua bila ya kungoja baridi. Kwa njia hiyo wakulima hao wameweza kuvuna mara mbili kwa mwaka mahali pasipo na majira ya baridi kabisa.

Penye baridi ya kutosha, Granny Smith hutaka mambo manne zaidi. La kwanza ni msimu mrefu, kwa kuwa tangu ua hadi tunda kukomaa hupita karibu miezi sita. La pili ni jua katika kila tawi. Kwa hiyo matawi ya katikati hupogolewa ili mwanga upenye. La tatu ni kupunguza matunda yangali madogo, katika kila kishada likibaki moja au mawili. Mkulima mwenye huruma na matunda yote hupata matunda madogo mwaka huu, na mwaka ujao mti huchoka usizae. La nne ni kulinda majani dhidi ya ukungu mweupe unaofanana na unga, ugonjwa ambao aina hii hushambuliwa nao kwa wepesi.

Kwa nini tunda halizeeki upesi?

Katika Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ambako kwa miaka mingi matufaha mengi ya Afrika Mashariki yamekuwa yakitoka, Granny Smith huvunwa hasa mwezi wa Aprili na Mei. Basi tunda la shamba hilo liliwalo Dar es Salaam mwezi Desemba limechumwa kiasi cha miezi saba nyuma. Baridi imefanya kazi tena.

Tunda lililochumwa halijafa. Linaendelea kupumua: huvuta oksijeni, huunguza sukari yake na kutoa kaboni dayoksaidi, maji na joto. Halijoto ikishuka kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua hupungua hadi nusu au theluthi. Pamoja na hayo, tunda lianzapo kuiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huharakisha uivaji wa tunda lenyewe na wa jirani zake. Mababu wa Afrika Mashariki waliitumia gesi hii bila ya kuijua jina: wavundikapo ndizi katika shimo lenye moshi, ndani ya moshi imo ethilini. Mwenye ghala la matufaha hufanya kinyume cha mvundikaji. Yeye hupoza matunda hadi karibu na nyuzi 0, hupunguza oksijeni na huzuia ethilini isifanye kazi. Msingi wa maghala ya namna hiyo uliwekwa na Franklin Kidd na Cyril West, wanasayansi wa Cambridge walioanza utafiti wao mwaka 1918. Waligundua kwamba oksijeni ikipunguzwa na kaboni dayoksaidi ikizidishwa kwa kiasi, tunda hupumua polepole mno, kama mtu aliye usingizini.

Lakini Granny Smith ina maradhi yake ya ghalani. Baada ya miezi ya baridi ngozi yake huweza kubabuka na kuwa ya kahawia, kama iliyounguzwa na maji ya moto, ijapokuwa nyama ya ndani ni nzima. Chanzo ni mafuta ya asili ya ngozi, ambayo yakikutana na oksijeni hugeuka kuwa viini vyenye kuidhuru. Zamani matunda yalichovywa katika dawa iitwayo difenilamini. Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliacha kuiruhusu kuanzia miaka ya 2010, na hivyo maghala mengi yamerudia njia ya Kidd na West kwa ukali zaidi, kwa kushusha oksijeni hadi kiasi cha sehemu 1 katika 100.

Utamu wa tunda

Ladha ya tufaha ni mizani ya sukari na asidi. Asidi iliyo kuu ni ya maliki, ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga kutoka maji ya matufaha mwaka 1785. Katika Granny Smith asidi hiyo ni nyingi kuliko katika matufaha mengi mekundu. Likikaa ghalani tunda hutumia sehemu ya asidi yake, na ngozi hupoteza ukijani. Kwa hiyo Granny Smith iliyogeuka manjano huwa tamu zaidi, lakini ugumu wake umekwisha potea. Apendaye uchachu achague lililo la kijani kabisa na zito mkononi.

Vipande vyake havivurugiki upesi vipikwapo, na ndiyo sababu aina hii ilianza kusifiwa kwa mapishi. Mtu wa pwani aliyezoea embe bichi kwa chumvi na pilipili hatahitaji kufundishwa namna ya kulila tufaha hili, wala kulikatakata ndani ya kachumbari. Likikatwa hugeuka kahawia, kwa sababu kimeng'enya kilichofunguliwa na kisu huziunganisha fenoli za tunda na oksijeni. Maji ya ndimu hukizuia. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu upandaji wa Granny Smith iliyobadilishwa jeni ili kimeng'enya hicho kisifanyike.

Wala isidhaniwe kwamba tunda la ng'ambo lina afya kuliko yale ya nyumbani. Gramu 100 za tufaha zina miligramu chache tu za vitamini C, hali kiasi hicho hicho cha pera huweza kuwa na miligramu 200 na zaidi. Tufaha na liliwe kwa ladha yake na kwa nyuzinyuzi zake, lakini lisimfukuze pera mezani.

Hitimisho

Sasa swali la mwanafunzi laweza kujibiwa kwa ukamilifu. Mbegu itaota ikionjeshwa baridi. Mti wake utakuwa mtufaha, lakini hautakuwa Granny Smith. Kikonyo ndicho kitakachokuwa Granny Smith, nacho hakitachanua vizuri pasipo saa zake za baridi. Na tunda, likishachumwa, litadumu kwa kadiri litakavyowekwa katika ubaridi. Baridi ambayo mkazi wa pwani huiona kuwa adui wa mmea, kwa mtufaha ndiyo kalenda yake.

Kalenda hiyo sasa inatikisika. Katika nchi nyingi zizaazo matufaha majira ya baridi yanazidi kuwa mafupi, na mashamba yaliyotegemewa kwa vizazi yanaanza kukosa saa zake. Mkulima wa Makete au wa Lushoto atakaye kupanda mtufaha, ambao huishi miongo kadhaa, hana budi kufikiri juu ya baridi ya leo na juu ya ile itakayobaki mtoto wake atakaporithi shamba. Kwa hiyo kabla ya kununua mche mmoja yafaa anunue kipimajoto, akiweke shambani, na aandike daftarini halijoto ya kila usiku kwa msimu mzima. Kazi hiyo hata shule ya sekondari yaweza kuifanya kwa faida ya kijiji chake.

Majaribio na maswali

1. Kata tufaha kwa upana wake na upake maji ya iodini juu ya sehemu iliyokatwa. Penye wanga patageuka buluu nyeusi. Tunda liivapo, wanga hugeuka sukari kuanzia katikati kuelekea nje. Linganisha matufaha matatu ya siku tofauti na ueleze lipi limeiva zaidi. Matunda yaliyopakwa iodini yasiliwe.

2. Weka ndizi mbichi mbili na tufaha moja ndani ya mfuko wa karatasi, na ndizi nyingine mbili ndani ya mfuko mwingine bila ya tufaha. Andika rangi za ndizi kila siku kwa wiki moja. Eleza matokeo kwa kutaja gesi inayohusika.

3. Shamba moja lina miti 200 ya Granny Smith peke yake. Maua ni mengi lakini matunda ni machache, ijapokuwa baridi ilitosha na nyuki wapo. Mshauri mkulima, na utoe sababu za ushauri wako.

4. Mwanakijiji mmoja ana mti wa mbegu uliozaa matufaha matamu kuliko yote wilayani. Eleza afanye nini ili majirani zake wapate mti huo huo, na kwa nini kuwagawia mbegu hakutafaa.

5. Pimeni halijoto ya shule yenu alfajiri kila siku kuanzia Juni hadi Agosti. Je, mtufaha wa Granny Smith ungetosheka hapo? Ikiwa la, ni njia zipi zingeweza kujaribiwa?